Babu ninayemtunza anasema alikuwa mwanamieleka. Nimwamini?

“Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Mmoja wao ni babu wa Kijamaika aliyekuja huku kwa meli mwaka 1957 akiwa na miaka 19. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Afrika Mashariki alicheka mpaka akakohoa, akasema: ‘Na mimi nilitoka Afrika, kila Jumatatu usiku.’ Anadai alikuwa mwanamieleka wa kulipwa, akitangazwa kama mwana wa chifu, na kwamba walipigana juu ya bwawa la kuogelea. Juu ya bwawa! Ana bango moja la zamani: Jumatatu, tarehe 9 Oktoba, mwaka haupo, bei za viti ni kwa shilingi, na jina kubwa juu ni Billy Two Rivers. Jina la babu halimo. Anasema lile la kichifu lililoandikwa chini ndiye yeye. Binti yake ananiambia nisimsikilize, baba alifanya kazi kiwanda cha nguo maisha yake yote. Mwenzangu kazini anasema mieleka yenyewe ni maigizo tu. Nilipomuuliza babu kama ilikuwa maigizo, alininunia siku nzima. Masikio yake yamevimba na kukunjamana. Na sasa, kwa majuma machache, anaamka usiku anafungasha begi, anasema gari la kwenda mji wa Hull linamsubiri. Je, ni kweli alikuwa mwanamieleka, au akili imeanza kumtoka? Nizungumze naye vipi?”

Salamu kwanza, dada yangu, na pole kwa kazi. Kabla sijasema neno moja la historia: hilo la kuamka usiku na kufungasha begi, kama bado hujaliandika kwenye daftari la huduma na kumwambia msimamizi wako na binti yake, fanya hivyo leo, kisha urudi hapa. Nitalieleza zaidi mbele. Kazi yangu mimi ni kuchimba historia ya michezo ya mapigano, si udaktari, na mambo hayo mawili yasichanganywe.

Tuje kwenye bwawa, maana ndilo lililokutia shaka, na kwangu mimi ndilo lililonifanya nimwamini babu. Miji mingi ya Uingereza ilikuwa na mabafu ya umma, majengo ya manispaa yenye bwawa kubwa ndani. Baridi ikiingia na waogeleaji wakipungua, bwawa lilifunikwa kwa mbao na jengo likageuka ukumbi wa dansi, mikutano, ndondi na mieleka. Mieleka ya kwanza kuonyeshwa na televisheni ya ITV, tarehe 9 Novemba 1955, ilitoka kwenye mabafu ya West Ham, mashariki mwa London. Mtu anayejitungia sifa angejiweka Royal Albert Hall, ukumbi maarufu wa London, mbele ya Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, ambaye kweli alikwenda kutazama mieleka pale mwaka 1963. Hangejiweka juu ya mbao za bwawa la manispaa zinazonuka dawa ya maji. Habari ya namna hiyo huwa nayo aliyekuwepo.

Lichukue na hilo bango. Mabango ya mieleka ya wakati ule mara nyingi yaliandikwa siku na tarehe bila mwaka, kwa kuwa yalibandikwa juma hili na kubanduliwa juma lijalo. Lakini siku na tarehe zikiwa pamoja, mwaka unaweza kuhesabika. Kati ya 1957 na 1975, tarehe 9 Oktoba iliangukia Jumatatu mara tatu tu: 1961, 1967 na 1972. Bei za shilingi zinaiondoa 1972, maana Uingereza iliachana na hesabu ya shilingi na peni za zamani tarehe 15 Februari 1971. (Shilingi zetu za mfukoni ni wajukuu wa hiyo hiyo.) Zinabaki mbili. Na Billy Two Rivers alifika Uingereza mwaka 1959 akakaa kiasi cha miaka sita. Kwa hiyo mimi ningeweka dau langu kwenye 1961, babu akiwa na miaka 23, minne tangu ashuke melini. Tayari una kijana, una mwaka, una ulingo.

Huyo Two Rivers anatufaa kuelewa hilo jina la kichifu. Alikuwa Mmohawk kweli, yaani wa moja ya jamii za wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, mzaliwa wa Kahnawake karibu na Montreal, Kanada, na baadaye alirudi kwao akawa kiongozi katika baraza lao mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2023. Lakini Waingereza walimtaka Mhindi Mwekundu wa sinema. Basi akapanda ulingoni na kilemba kirefu cha manyoya ya ndege, ambacho asili yake ni watu wa nyanda za mbali huko magharibi, si Wamohawk, na akikasirika alicheza ngoma ya vita kuzunguka ulingo, kisha mpinzani akala makofi ya shingo. Mtu alikuwa wa kweli, vazi lilikuwa la watazamaji. Ndivyo biashara ile ilivyoendeshwa. Promota anauza tiketi kwa watu mia kadhaa, na yule aliyekaa kiti cha nyuma kabisa lazima amwelewe kila mpiganaji ndani ya dakika moja: nani steringi, nani mkorofi, nani mgeni wa ajabu.

Sasa jiulize, mwaka 1961 Mjamaika alikuwa nani machoni pa Mwingereza wa kawaida? Alikuwa kondakta wa basi, mpangaji wa nyumba ya pili, mfanyakazi wa zamu ya usiku. Hakuna atakayetoa shilingi zake kumtazama kondakta. Ila “mwana wa chifu kutoka Afrika”, mwenye ngozi ya chui begani, huyo anauzika. Kichekesho chenyewe ni kwamba kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1948, kijana wa Jamaika alikuwa raia wa Uingereza na Makoloni kama promota wake; Jamaika haikupata uhuru mpaka Agosti 1962. Bango lilimfanya mgeni wa mbali, pasipoti ikamfanya mwenyeji.

Wapo waliotoka Afrika kweli, kama Honey Boy Zimba wa Sierra Leone. Wapo Wahungaria kama Tibor Szakacs. Yupo Peter Maivia, Msamoa, aliyepigana Uingereza miaka ya 1960. Ndiye babu yake Dwayne Johnson, yule tunayemwita The Rock. Na kufika miaka ya 1970, Clive Myers, mzaliwa wa Jamaika, aliweza kupanda ulingoni na kupendwa kwa ustadi wake bila kuvishwa ngozi ya mnyama. Lakini kijana mweusi wa 1961 hakuwa na uchaguzi mpana. Nisikufiche, nikiyatazama mabango yale nakereka. Kukereka huko nampelekea aliyeandika bango. Aliyevaa lile vazi ili apate kula simpelekei kitu.

Mwenzako anasema ni maigizo. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo imemfanya ajiamini kupita kiasi. Mshindi alipangwa kabla, na promota. Haikuwa kama mechi iliyouzwa kwa ajili ya kamari, kwa sababu hakuna aliyeibiwa. Ilikuwa kazi ya wawili wanaojenga pambano pamoja, wakinong'onezana katikati ya kabari. Kanuni zilikuwapo, na zilifuatwa. Mwaka 1947 kamati iliyoongozwa na Admirali Lord Mountevans iliandika sheria mpya, baada ya mieleka ya kiholela ya miaka ya 1930 kuwachosha wakuu wa London hadi wakaipiga marufuku. Pambano liligawanywa kwa raundi, kwa kawaida za dakika tano. Ushindi ulikuwa kumwangusha mwenzako mara mbili, mabega yote yakigusa chini kwa hesabu ya mwamuzi, au kumfanya asalimu amri mara mbili, au kumtoa kabisa. Maonyo matatu, unatolewa. Uzito ulikuwa wa madaraja saba, kila moja likipishana na jingine kwa kilo tano hivi, la chini kabisa likiishia kilo 70. Kwa hiyo babu akiwa mfupi na mwembamba, usimpime kwa majitu ya televisheni ya Marekani. Kipenzi kimoja kikubwa cha Waingereza, George Kidd wa Dundee, alikuwa bingwa wa dunia wa daraja jepesi, na watu walimjazia kumbi.

Ambacho hakikupangwa ni uzito wa mwili unaposhuka. Chini ya turubai kulikuwa na godoro jembamba, chini ya godoro mbao. Mwanamieleka hufundishwa kuanguka: aingize kidevu kifuani, apokee sakafu kwa mgongo wote mara moja na mikono ikipiga pembeni, ili kishindo kigawanyike kisikae mahali pamoja. Kishindo unachokisikia ni cha kweli, ila kimesambazwa. Ukikosea kwa upana wa kiganja, bega limetoka. Mara tano kwa juma, miaka kumi, na mgongo unaanza kudai. Agosti 1987, mjini Great Yarmouth, Malcolm Kirk, mtu mkubwa na mzoefu, alifariki baada ya mpinzani wake kumwangukia kama walivyozoea kufanya. Ilibainika kwamba moyo wake ulikuwa na maradhi.

Masikio nayo yana maelezo yake. Sikio limejengwa kwa gegedu, ile sehemu ngumu inayopindika, na gegedu halina mishipa yake ya damu. Hula kutoka kwenye utando unaolifunika. Kichwa kikibanwa na kusuguliwa kwapani mwa mtu, utando unabanduka, damu inajaa katikati, na gegedu linakosa chakula. Damu hiyo isipotolewa mapema, sehemu ya gegedu hufa na mahali pake huota kovu gumu, lenye mikunjo. Haliumi tena, lakini halirudi. Mabondia na wachezaji wa raga wanayo pia, kwa hiyo sikio peke yake halithibitishi kitu. Likiwa pamoja na bango na bwawa, ni ushahidi wa tatu.

Mbona basi alikununia? Kwa sababu, dada yangu, bila kujua ulimgusa penye mwiko. Siri ya mtungi aijuaye kata, na watu wale waliishi kwa siri hiyo. Steringi na mkorofi waliweza kupanda gari moja kutoka mji mmoja hadi mwingine, mmoja akashushwa mtaa wa nyuma ili watazamaji wasiwaone wakishuka pamoja. Kulikuwa na bibi vizee waliokaa safu ya mbele na miavuli yao, na mkorofi akipita karibu walimchapa kwelikweli. Wapo waliomficha hata mke. Kijana akiropoka alikosa kazi, na promota aliyemnyima kazi huenda alikuwa na wenzake nchi nzima: kuanzia 1952 mapromota wakubwa waliungana wakajiita Joint Promotions, wakagawana miji, na televisheni ilipokuja ikawa yao. Mtu aliyeufunga mdomo wake kwa miaka 60 hawezi kuufungua kwa sababu mtunzaji ameuliza “ilikuwa uongo?” huku akikunja shuka. Na sikia neno lenyewe. Umemuuliza mtu mwenye mgongo mbovu kama maumivu yake ni ya kweli.

Binti naye hasemi uongo. Wengi wao walikuwa na kazi mbili. Malipo yalitolewa kwa pambano, taslimu, hayakuwa makubwa isipokuwa kwa wachache waliokuwa majina ya Jumamosi saa kumi jioni kwenye televisheni. Ukiumia, hakuna pambano, hakuna hela. Kiwanda cha nguo kililipa kodi ya nyumba, mieleka ikalipa viatu vya watoto. Mtoto alimwona baba akitoka na kurudi na mfuko, zamu za usiku zikiwa zimejaa mjini; angejuaje? Kuna jambo jingine ambalo huenda baba hakutaka alijue. Safari zile ziliishia usiku wa manane, na mwenye nyumba ya wageni aliyemkataa mtu kwa rangi yake kwa kawaida hakuadhibiwa. Sheria ya kupinga ubaguzi wa rangi ya mwaka 1965 iligusa sehemu za umma kama hoteli na mikahawa, na kwenye nyumba za kupanga na ajira kinga haikuja mpaka 1968. Mara ngapi “mwana wa chifu” alilala ndani ya gari wakati wenzake wamepewa vitanda? Mzazi hasimulii hayo mezani. Kwa hiyo usimpelekee binti bango kama mtu anayeshinda kesi.

Ukizungumza na babu, muulize kazi. Achana kabisa na neno kweli na neno uongo. Buti zilifungwa vipi? Nani aliendesha gari? Nani alikuwa mzito kumbeba? Ukumbi gani ulikuwa na baridi mbaya? Mwanamieleka mstaafu hujibu maswali ya namna hiyo kwa furaha, kwa sababu yanamheshimu kama fundi na hayamlazimishi kuvunja kiapo. Akitaka kukuonyesha kabari, mshukuru, ukatae: mgongo wake na ajira yako vyote havistahili hatari hiyo. Na usiweke picha yake wala jina lake mtandaoni, hata kwa nia njema. Hayo ni mali yake na ya familia.

Turudi kwenye begi. Kwamba Hull ni mahali pa kweli katika maisha yake hakumaanishi kwamba kuamka saa nane usiku kuifuata ni jambo la kupuuza. Yote mawili yanakaa pamoja: kumbukumbu ni ya kweli, wakati ndio umempotea. Kinachonijalisha ni maneno yako “majuma machache”. Kwa mzee, kuchanganyikiwa kunakoanza ghafla, ndani ya saa au siku, mara nyingi kuna chanzo kinachotibika, kama maambukizi ya njia ya mkojo au ya kifua, upungufu wa maji, kufunga choo au dawa mpya. Huko kunataka daktari siku hiyo hiyo, na usiku unapiga 111, simu ya ushauri wa afya. Akianguka na kugonga kichwa, uso ukipinda upande mmoja au maneno yakivurugika, ni 999, simu ya dharura, usisubiri binti apokee simu. Kukiwa kumekuja polepole, daktari wake wa familia anaweza kumpeleka kliniki ya kumbukumbu. Hapo historia inakuwa na kazi ya maana: mwambieni daktari wazi kwamba huyu huenda alipigwa kichwani kwa miaka. Wapiganaji weusi walitakiwa sana wagonge kwa kichwa, kwa sababu watazamaji waliamini fuvu la mtu mweusi ni gumu kuliko la wengine. Johnny Kwango alipata jina kubwa kwa pigo hilo. Vishindo vya kichwa vinavyojirudia huongeza hatari ya ubongo kuchakaa uzeeni, na daktari asiyejua hawezi kuliuliza. Usiku wenyewe, usibishane naye kwamba gari halipo. Mwambie umemsikia, muulize begi lina nini, mpe kitu cha moto.

Jambo dogo ambalo hukuuliza. Waliokuja kutoka makoloni na Jumuiya ya Madola wakakaa huku kabla ya tarehe 1 Januari 1973 wana haki ya kuishi Uingereza, lakini wengi hawakuwahi kupewa karatasi, na aibu iliyofichuka mwaka 2018 ilionyesha walivyoteseka kwa hilo. Kama babu hana pasipoti ya Uingereza wala hati yoyote, binti aende Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri bure, ana kwa ana aulizie Mpango wa Windrush, ule wa serikali wa kuwapa watu hao hati. Maombi yake hayalipiwi. Vikaratasi vya zamani vinavyoonyesha mtu alikuwa wapi na lini vinaweza kusaidia, kwa hiyo hilo bango lisitupwe, na lisitundikwe penye jua.

Mkitaka kulithibitisha, maktaba kuu ya mji uliotajwa kwenye bango huwa na magazeti ya zamani kwenye mikrofilamu. Ombeni gazeti la Jumamosi, tarehe 7 Oktoba 1961. Msipoteze muda kwenye kurasa za michezo, kwani wahariri wengi hawakuihesabu mieleka kuwa mchezo. Tazameni matangazo madogo, karibu na ya sinema. Mkilikosa, jaribuni mwaka 1967. Na akienda binti mwenyewe, wewe ukabaki nyumbani na babu, itakuwa vizuri zaidi.